Aiskrimu Iliyopashwa Moto

Kila nikisikia harufu ya maziwa yanayoanza kushika chini ya sufuria, narudi kwenye jiko letu la Makandana, mwezi wa sita, ukungu umesimama mlangoni na moshi umekosa pa kutokea. Watu wa Tukuyu hatuhitaji kuelezwa baridi ni nini. Nguo zilizofuliwa Jumatatu zilikauka Alhamisi, na zisipokauka zilianikwa kwenye kamba juu ya mafiga, tukaenda nazo kanisani zikinuka moshi, na hakuna aliyetushangaa kwa sababu kanisa zima lilinuka hivyohivyo. Bibi yangu, mama yake baba, aliyekuwa akiishi nasi, alikuwa na vita yake na baridi hiyo, na silaha yake ilikuwa sufuria. Kwa Bibi hakuna kitu kilichoingia kinywani mwa mtoto bila kupita motoni kwanza. Maziwa yalipashwa, maji ya kunywa yalipashwa, ndizi mbivu ziliwekwa kando ya mafiga zipate uvuguvugu, na asubuhi za shule hata masweta yetu yalishikwa juu ya makaa kabla hatujavaa. Aliamini kwamba baridi ikiingia tumboni haitoki, inajenga humo. Mtoto mgonjwa ndiye hasa aliyelindwa. Ukikohoa mara mbili tu, ulijua umeagiza kikombe cha maziwa ya moto ya kuunguza ulimi, na Bibi angesimama mbele yako mpaka aone kitako cha kikombe.

Mwaka huo nilikuwa darasa la tano, na mdogo wangu Atupele alikuwa bado hajaanza shule. Mafindofindo yalimtesa tangu akiwa mdogo kabisa. Kila baada ya wiki chache homa, shingo imevimba, usiku anakoroma kuliko baba. Mwishowe mama alimpeleka Mbeya, wakamfanyia upasuaji, wakayaondoa. Walirudi Alhamisi mchana, Atupele amevaa sweta jipya jekundu, amebebwa mgongoni kama mtoto mchanga, haongei. Mama alituambia kwamba daktari alikuwa mzee mcheshi, na kwamba alipomwona mtoto analia alimwinamia akamwambia, ukifika kwenu mama atakupa aiskrimu, vitu vya baridi na laini vinatuliza kidonda. Mama aliitikia kwa kichwa, kama watu wanavyoitikia kila kitu wakiwa hospitali. Kisha akapanda basi, na huku Tukuyu miaka hiyo aiskrimu tuliiona kwenye picha za vitabu vya kujifunza Kiingereza.

Sasa niseme jambo ambalo nilikaa nalo miaka mingi. Nilimwonea wivu. Nilikuwa nimebaki nyumbani nikikata majani ya ng'ombe na kusonga ugali, na yeye alirudi na sweta, biskuti ambazo hawezi hata kuzila, na kitanda kizima peke yake huku mimi nimehamishiwa mkekani. Basi mchana huohuo, mama akiwa amekwenda kuteka maji, nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamwambia kwamba kooni ameshonwa uzi, na akimeza kitu chochote uzi utakatika, damu itoke isikome. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma, hata nikamwonyesha kwa kidole uzi ulipo. Atupele alinitazama, akafumba mdomo, na hakuufumbua tena.

Jioni hiyo Bibi alileta uji wa moto. Mdomo ukafumbwa. Yakaja maziwa ya moto, mdomo ukafumbwa. Supu ya kuku, kuku aliyechinjwa kwa ajili yake, ikarudi jikoni ilivyokuja. Maji alikubali yamloweshe midomo tu, kisha akayaachia kwenye kikombe cha bati pamoja na mate, maana mate nayo aliogopa kuyameza. Kufikia Ijumaa macho yalikuwa yamezama na midomo imepasuka. Mama alikuwa ameambiwa wazi kwamba mtoto asipomeza kidonda kinakauka vibaya, na mwili unaishiwa maji. Nilimsikia akimwambia Bibi, kwa ile sauti ndogo ambayo mkwe humsemeza mama mkwe, "Mama, kesho adhuhuri asipomeza kitu tunapanda basi la mchana. Wamtundike dripu." Atupele alisikia neno dripu, machozi yakamtoka, lakini mdomo haukufunguka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Nilikuwa nimejaribu kufuta maneno yangu. Nilikuwa nimemnong'oneza mara tatu, nilikutania, hakuna uzi, na mara tatu ametikisa kichwa. Uongo wangu aliupokea mara moja, ukweli wangu akaukataa. Kumwambia mama niliogopa, na si fimbo niliyoiogopa zaidi. Niliogopa atakavyonitazama.

Ijumaa hiyo alasiri alikuja mama mdogo Tusekile, mdogo wake mama, mwalimu wa sayansi katika sekondari moja upande wa Kawetele. Alikuja kwa miguu na mwavuli wake mweusi, viatu mkononi, akamsalimu Bibi kwa kupiga goti, kisha akaketi kando ya mgonjwa. Alikuwa mtu wa maswali. Aliuliza daktari alisema nini, neno kwa neno, na mama alipofika kwenye aiskrimu, Atupele, ambaye siku mbili hakuonyesha kutaka kitu, aliinua mkono akagonga kifua chake, kana kwamba anasema: Mimi. Hicho nitakula. Mama akajitetea kwamba aiskrimu aipate wapi. Mama mdogo akamkazia macho. "Dada, maziwa mnayo. Mayai mnayo. Chumvi ya ng'ombe mnayo gunia zima. Kilichokosekana ni barafu tu." Bibi, aliyekuwa akichochea moto, aliguna. Kiswahili cha Bibi hakikuwa na z wala r, alizitamka s na l kama kwenye Kinyakyusa chake. "Balafu?" akasema. "Mtoto amekatwa koo, mumpe balafu? Balidi hii ya Mungu haijawatosha?"

Barafu Makandana nzima ilikuwa na mlango mmoja, dukani kwa Mama Hawa, jirani yetu aliyeuza sukari, vitenge na mafuta ya taa, na ambaye kila kiangazi aliuza barafu za ukwaju kwenye vifuko vya nailoni. Lakini huo ulikuwa mwezi wa sita. Nani anunue barafu mwezi wa sita Tukuyu? Friza alikuwa ameizima tangu Mei na kuigeuza kabati, humo aliweka vitenge visipate unyevu. Tulimkuta anatandika mswala wa alasiri, tukasubiri amalize kuswali. Alipoelezwa habari ya Atupele hakuuliza maswali mengi. Alifunua friza, akatoa vitenge mafungu kwa mafungu akavilundika juu ya magunia ya sukari, akachomeka waya, na mimi na mama mdogo tukakaa chini tukijaza maji kwenye vifuko na kufunga mafundo mpaka vidole vikafa ganzi. Mama Hawa alisema, "Mwombeni Mungu umeme usikatike."

Umeme ulikatika alfajiri. Tulipokwenda asubuhi kwenye manyunyu, Mama Hawa alikuwa ameifunika friza kwa mablanketi mawili ya kwake, na ndani barafu ilikuwa imeshika vizuri, vifuko vigumu vikigongana kama kokoto. Tulivitia kwenye gunia, tukavifungia tena na majani makavu ya migomba. Nilishangaa kwamba kitu cha baridi kinavishwa nguo. Mama mdogo, akitembea haraka mbele yangu, alisema nguo haijui baridi wala joto, kazi yake ni kuzuia kilichomo kisitoke na kilichopo nje kisiingie. Hakukuwa na barafu nyingine mpaka umeme urudi, na umeme wa miaka hiyo haukuwa na haraka. Gunia hilo ndilo lilikuwa kila kitu tulichokuwa nacho.

Kazi ilifanyika barazani, chini ya bati, mvua ikichuruzika mbele yetu. Mama mdogo alikuwa ameamka mapema akachemsha maziwa ya Sifa, ng'ombe wetu, akaengua utando wote mnene wa juu akaurudishia ndani, akapiga viini vya mayai na sukari, akavichanganya polepole kwenye maziwa yenye uvuguvugu ili yai lisikatike, kisha akayaweka nje yapoe. Alinieleza kila hatua kana kwamba mimi ni darasa zima. Viini ni vya kushikanisha mafuta na maji yasikimbiane. Sukari si ya utamu peke yake, inazuia maziwa yasigande yakawa jiwe. Mchanganyiko tuliumimina kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga, tukafunika, na kwenye ukingo wa kifuniko tukazungushia jani bichi la mgomba lililobabuliwa motoni likalainika, tukalifunga kwa kamba ya mgomba ili chumvi isipenye. Kopo likawekwa katikati ya ndoo. Barafu tuliitwanga kwa mchi ndani ya gunia, tukaipanga kuzunguka kopo, tabaka la barafu, konzi la chumvi, tabaka la barafu, konzi la chumvi. Bibi alisimama mlangoni akihesabu makonzi kwa macho, kwani chumvi hiyo ya mawe ilikuwa ya Sifa, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila yeye.

Niliuliza chumvi ni ya nini kama haiingii kwenye maziwa. Mama mdogo alifurahi, nadhani alikuwa amengoja swali hilo. "Barafu ikianza kuyeyuka, baridi yake inaishia hapo, haizidi," akasema. "Ukiitia chumvi unailazimisha iyeyuke upesi. Na ili iyeyuke lazima ipate joto. Italitoa wapi? Italiiba kwenye maziwa."

"Kwa hiyo haya maji yanakuwa ya baridi kuliko barafu?"

"Kuliko barafu yenyewe. Chovya kidole."

Nilichovya, nikakitoa mbio. Kiliuma kama nimekigusisha kaa la moto. Kisha tukaanza kuzungusha kopo, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na kila baada ya muda mama mdogo alifungua, akakwangua pembeni kwa mwiko, akakoroga kwa nguvu, akafunga tena. Alisema tukiliacha litulie maji yatajitengenezea vipande vikubwa vya barafu, mtoto atahisi anatafuna mchanga, na kidonda kitaumia. Kukoroga kunavifanya vipande viwe vidogo hata ulimi usivione. Mikono iliniuma mpaka kwenye kwapa, na sikutaka kupokewa. Kila mzunguko niliuhesabu kuwa ni sehemu ya adhabu yangu. Na kweli, tulipofungua mara ya nne, maziwa hayakuwa tena maziwa. Yalikuwa mazito, yamesimama, yana rangi ya siagi, na mwiko ulipochota ulibeba kilima kidogo kisichomwagika. Mama mdogo alicheka peke yake. Alilitoa kopo kwenye ndoo akalipangusa, akaliweka juu ya meza ya jikoni, na sote wawili tukaingia ndani kumwamsha Atupele, kumpangusa uso na kumkalisha kwa mto mgongoni. Mama akatafuta kikombe cha kioo cha wageni na kijiko kidogo. Sidhani tulikaa huko zaidi ya dakika kumi.

Niliyekwenda kuchukua kopo ni mimi. Kabla sijafika jikoni nikasikia ile harufu, maziwa yanashika chini. Bibi alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, mwiko mkononi, na kwenye sufuria ile aiskrimu yetu yote ilikuwa inachemka taratibu, inatoa mapovu pembeni. Alinitazama kwa uso wa mtu aliyemaliza kazi nzuri. "Ndiyo, mwite mama yako," akasema. "Lilikuwa limeganda lote kwa balidi, mtoto mgonjwa hawesi kula kitu kimeganda. Nimelipasha. Sasa ni tamu, nimeonja."

Sijui niliita kwa sauti gani, lakini mama na mama mdogo walikuja wanakimbia. Wakasimama. Mama aliweka kikombe cha kioo mezani polepole sana. Mkwe hamkaripii mama mkwe, mgeni hamkaripii mwenye mji, na Bibi hakuwa amefanya ubaya. Alikuwa amefanya lile alilotufanyia sote tangu tuzaliwe. Walijaribu kumpa Atupele yale maziwa ya moto na mayai, kwani sukari ilikuwemo na nguvu ilikuwemo. Alitazama mvuke ukipanda kwenye kikombe, akafumba mdomo, akageukia ukutani. Mama akaanza kukunja nguo za safari. Mama mdogo aliketi kwenye kigoda, akatazama mikono yake iliyovimba kwa baridi, akasema barafu imeisha.

Hapo ndipo nilipomwona Bibi, kupitia mlango wa nyuma, akiibeba ile ndoo kuelekea bandani. Chumvi haimwagwi kwenye nyumba yenye ng'ombe. Maji yakishakuwa na chumvi ni ya Sifa, na Sifa alikuwa ameshachungulia, shingo imevuka boma, ulimi uko nje. Ndani ya ndoo vipande vya barafu, vidogo kama punje za mahindi, vilikuwa bado vinaelea. Na mimi nikakumbuka kidole changu. Kuliko barafu yenyewe. Nilitoka mbio kwenye mvua, nikaishika ndoo kwa mikono miwili, nikapiga kelele, "Bibi, usimpe! Iache! Iache nasema!"

Mtoto wa darasa la tano kumfokea bibi yake, mbele ya watu, na kumnyang'anya kitu mkononi. Hata leo nikiandika uso unaniwaka moto. Bibi aliiachia ndoo, si kwa kutaka, kwa mshangao. Mama alishatoka akiwa ameinua mkono, na kofi hilo lingekuwa halali yangu. Lakini mama mdogo alimpita, akachovya kidole kwenye ndoo, akakishikilia humo, akahesabu, uso umekunjamana kwa maumivu. Akakitoa, akacheka. "Bado ipo," akasema. "Baridi bado ipo. Haitoshi kopo zima. Inatosha kikombe kimoja."

Tulichota kikombe kimoja cha maziwa kwenye sufuria, tukakimimina kwenye kopo dogo la hamira lenye mfuniko. Yalikuwa ya moto, na mama mdogo alisema tukiyatumbukiza hivyohivyo yatamaliza baridi yote kabla hayajaanza kuganda. Basi tukaliweka kopo chini ya mchirizi wa bati, mvua ya Tukuyu ikalipiga, ile mvua ya mwezi wa sita inayokuingia mpaka kwenye mifupa, na ndani ya muda mfupi lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Bibi alituangalia tukiiomba msaada mvua aliyoipiga vita maisha yake yote, akatikisa kichwa. Ndipo tukaongeza konzi moja la chumvi, tukaizungushia ndoo magunia na majani makavu, na nikaanza tena, kushoto, kulia, kopo dogo linateleza, vidole vinaingia majini na kutoka vyekundu. Adhuhuri ilikuwa inakaribia. Basi la mchana halimsubiri mtu. Mama alikuwa ameshamvalisha Atupele sweta jekundu. Mama mdogo alifungua mara ya kwanza, bado maji. Mara ya pili, bado. Mara ya tatu, mwiko hauingii kwenye kopo dogo, akatumia mpini wa kijiko, na mpini ukasimama wenyewe.

Niliomba nimlishe mimi. Mama alisita, akaniachia, labda kwa sababu ya vidole vyangu. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, mahali palepale nilipokaa Alhamisi, kikombe mkononi. Atupele alitazama kile kilima kidogo, na nikaona anakitaka, na nikaona pia anauogopa ule uzi. Nikamsogelea sikioni. Kumwambia hakuna uzi nilishashindwa. Basi nikamwambia, "Hii haimezwi, Atu. Unaiweka tu kwenye ulimi, unaiacha. Inayeyuka, inashuka yenyewe, haigusi uzi."

Alikiangalia kijiko, akaniangalia mimi. Kisha akafungua mdomo, kidogo, upana wa kijiko. Niliiweka. Akafumba. Tuliona macho yake yakipanuka kwa baridi, tukaona mashavu yakitulia, kisha koo lake jembamba likapanda na kushuka, mara moja, bila yeye kujua. Atupele alishika shingo kwa mkono, akasubiri damu. Damu haikuja. Akasema, kwa sauti ya kukwaruza, neno lake la kwanza tangu arudi, "Tena."

Mama alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti, nguo za safari mapajani. Mimi nililia nikilisha. Kijiko cha pili, cha tatu, cha nane, na kila koo lilipopanda na kushuka nilihisi mzigo unatolewa kifuani mwangu kipande kwa kipande, hata nikawa mwepesi, nikaanza kucheka bila sababu. Kikombe kilipoisha alikunywa maji. Jioni alikunywa maziwa. Basi la mchana lilipita barabarani likipiga honi, na hakuna aliyegeuza shingo. Bibi alikuwa amesimama mlangoni muda wote, na nilimsikia akisema chinichini, "Ndaga, ndaga fijo," akimshukuru Mungu, si sisi. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake, nikaomba radhi kwa kumfokea. Alinivuta sikio, si kwa nguvu, akaniuliza kama sasa Sifa anaweza kupewa maji yake. Nilimbebea ndoo. Lakini kabla ng'ombe hajaonja, Bibi alirudi jikoni akaleta birika, akayamiminia maji ya moto kwanza.

Leo Tukuyu aiskrimu inauzwa madukani, kwenye vikopo vya plastiki vyenye picha za matunda tusiyolima, na kwangu nina friji inayogandisha barafu mimi nikiwa nimelala. Wanangu wanakula aiskrimu mwezi wa sita wamevaa makoti, na hawaoni ajabu. Wakati mwingine nawatoa barazani na ndoo na chumvi ya mawe ili wajue baridi inavyoibwa, wanazungusha kopo dakika tano, wanachoka, wananiuliza kwa nini nisiiweke friza tu. Mama mdogo Tusekile amestaafu, anafuga kuku. Atupele ni mama wa watoto wawili, na akiimba kwaya sauti yake inafika barabarani. Siku ya harusi yake nilimwungamia habari ya uzi. Alicheka mpaka wanja ukachuruzika, akasema alikuwa anakumbuka kila kitu, na kwamba alinyamaza kwa sababu baada ya siku ile nilimwachia kitanda mwaka mzima bila kuombwa.

Bibi bado yupo. Mwaka huu, ukungu ulipoanza, aliugua kifua, na kilipopona chakula kikamshinda. Meno hayapo, hamu haipo, anafumba mdomo kwa kila kijiko. Mimi na Atupele tulimtengenezea aiskrimu, tukatoa utando wa juu wote, tukaikoroga mpaka ikawa laini kama alivyotufundisha mama mdogo, tukaipeleka kitandani kwake kwenye kikombe cha kioo. Atupele ndiye aliyelisha. Bibi alikubali kijiko kimoja, akakiacha kinywani, akafumba macho muda mrefu mpaka tukatazamana kwa hofu. Kisha akameza.

"Ni tamu," akasema. "Lakini mngeipasha moto kidogo."

Mimi nilitaka kubisha. Atupele hakungoja. Alishanyanyuka na kikombe, nikamsikia jikoni akitafuta sufuria ndogo, na punde ile harufu ikajaa nyumba. Alirudi nayo inatoa mvuke. Bibi aliishika kwa mikono yake miwili, akakataa kusaidiwa, na hakuirudisha mpaka sote wawili tulipoona kitako cha kikombe.